Miezi mitatu kabla ya kugusa kiinua mgongo

Nilitoka jeshini mwaka wa 2014 nikiwa sajini, baada ya miaka 21, mingi yake kwenye stoo ya kikosi. Kiinua mgongo changu chote nilikitia kwenye matatu moja ya njia ya Njoro. Dalali aliapa kwamba gari ni zima. Gia boksi ikafa wiki ya sita. Mke wangu hakujua nililipa kiasi gani mpaka siku gari liliposimama barabarani. Pesa ziliniuma, lakini kule kumficha kuliniuma zaidi, kwa sababu yeye angeuliza maswali yote ambayo dalali hakutaka niulize.

Tangu 2017 nimekuwa nikikaa na familia za wastaafu wenzangu hapa Nakuru, Kenya, mitaa ya Lanet na Free Area, na wajane pia, tukitafuta biashara ndogo itakayowalisha. Sharti langu la kwanza ni hili: pesa ikiingia benki, isiguswe miezi mitatu. Hata kiwanja kisinunuliwe. Na kwenye kikao cha kwanza mstaafu asije peke yake.

Wengine hukasirika. Lakini askari ameishi miaka ishirini akipewa sare, buti, chakula na matibabu. Aliyebaki nyumbani ndiye aliyepanga karo, akajua duka lipi linakopesha na jirani yupi halipi. Huyo ndiye mfanyabiashara wa nyumba hiyo, ila hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Sheria ya wanajeshi wastaafu ya 2022 yenyewe inamtaja mstaafu pamoja na wategemezi wake, na huwa naitaja mapema kikaoni ili mama asikae pembeni kama mgeni.

Mwenzangu mmoja alileta bajeti ya kuku 100 wa mayai, ameichora kwa rula, safi kabisa. Chakula alikuwa ametenga magunia mawili kwa mwezi. Mkewe aliisoma kimya, kisha akanigeukia.

"Shemeji, kuku anayetaga anakula kiasi gani kwa siku?"

Nikamwambia kama gramu 120. Akachukua daftari la mtoto, akaandika nyuma ya hesabu za shule: kilo 12 kwa siku. Gunia la kilo 70 halifiki hata siku sita. Magunia yale mawili ya mwezi mzima yangeisha kabla wiki ya pili haijaisha. Halafu akauliza swali lililotushika wote: wanaanza kutaga lini? Kifaranga wa siku moja huchukua karibu miezi mitano. Miezi mitano ya kununua chakula, chanjo ya magonjwa ya Newcastle na Gumboro, taa ya joto, na hakuna yai hata moja la kuuza. Mume aliinamisha kichwa kwa muda. "Basi daftari ushike wewe," akamwambia.

Walianza na kuku 30, pesa nyingine ikabaki benki. Mimi mchango wangu ulikuwa kadi ya stoo, ile ile niliyoitumia jeshini: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mayai matatu yakivunjika yanaandikwa yamevunjika. Wakila mawili asubuhi yanaandikwa yameliwa. Hapo askari hahitaji kufundishwa sana. Ameshaona mtu akikatwa mshahara kwa blanketi lililopotea. Kilichokuwa kigumu kwake ni wateja. Alikuwa akiwajibu kwa sauti ya kwata, mpaka siku moja mkewe akamwambia mbele yangu, "Mteja si kuruta, Baba."

Kuna mwingine aliyerudi kutoka Somalia akitaka kinu cha kusaga unga. Hesabu zake zilikuwa sawa na eneo lilikuwa zuri. Mkewe ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, kwamba mvua kubwa ikipiga mabati usiku mume huamka na kutoka nje, na hulala tena kumeshakucha. Angekaaje na injini siku nzima? Tukaiacha ile hesabu nzuri. Leo ana kitalu cha miche ya avokado upande wa Bahati. Hupanga vile vifuko vya nailoni kwa uzi ulionyooshwa, safu kwa safu, na hapendi mtu azungumze kwa kelele pale. Kwanza, lakini, tulimtafutia mshauri nasaha. Biashara si dawa ya hilo, na sikutaka ajidanganye.

Kwa wajane mambo huwa mazito zaidi. Mmoja alitaka kuuza chipsi, na shemeji zake wakataka jina la biashara liwe la kaka yao mkubwa "kwa usalama". Nilikaa naye, tukasajili jina kwake kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, tukachukua kibali cha kaunti na cheti cha afya, ambacho lazima akifanye upya kila miezi sita. Till, ile namba ya kupokea malipo ya wateja kwa simu, ikawa kwa jina lake. Viazi vya Molo alianza kununua kwa kilo kwenye mizani, si kwa lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo na kuuzwa bila kupimwa. Hilo tu lilimwonyesha kwamba mafuta hayakuwa yakimla kama alivyodhani. Alikuwa akiliwa kwenye gunia.

Si wote wamefaulu. Familia mbili zilifunga, moja kwa sababu ya ugonjwa.

Jumamosi iliyopita alikuja mstaafu mpya na michoro ya nyumba za kupangisha. Nilimpa chai, nikamwambia arudi na mama watoto. Leo wamekuja. Mama alitoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa mara nne: madeni yote aliyoyabeba mume akiwa kazini, karo, duka, chama cha akiba, ambayo hakuwahi kumwambia. Mume aliisoma mara mbili. Kisha akaomba kalamu, na tukaanza na deni la duka.