Lukwangule, mto unapoanzia

Siye watu wa Pemba milima hatunayo, tusidanganyane. Pahala pa juu kabisa kisiwani kwetu ni mita 100 na kidogo tu, wakati mkondo wa kwendea Tanga kina chake kinafika mita 800. Sasa mtu wa Konde kama miye napandishwa Lukwangule, uwanda wa juu kwenye milima ya Uluguru ya kusini, Morogoro, zaidi ya mita 2,400, wallahi masikio yaliziba.

Tulianzia Chenzema, vishamba vya kabichi na karoti vimening'inia mteremkoni, unajiuliza mkulima hateleziki vipi, halafu ghafla msitu, baridi, ukungu, miti imevaa kuvumwani hadi gome halionekani, mvua hakuna lakini unarowa, maana majani yanaukamata ukungu na kuudondosha chini. Mzee wa Kiluguru aliyetuongoza kavaa kandambili na anapiga soga, miye na mabuti yangu nahema tu.

Ukitoka msituni ndo uwanda wenyewe, nyasi tupu za vishungi vishungi na katikati tope jeusi, ukikanyaga maji yanapanda pembeni ya buti. Nikamuuliza, mzee wangu, mto Ruvu unaanzia wapi? Akacheka, akasema umeukanyaga huo mwanangu. Miye nangoja chemchem, kumbe ni tope linavuja huku na huku, linakusanyika taratibu, mpaka mbele kidogo unasikia mchirizi kwenye majani na huuoni.

Na maji yenyewe ni ya kwetu, msinicheke. Upepo unatoka bahari ya Hindi, ukifika Uluguru lazima upande, ukipanda unapoa, mvua hiyo inashuka, ndo maana upande wa mashariki inanyesha kupita kiasi. Ruvu nayo inateremka, inanywesha Dar, kisha inarudi baharini karibu na Bagamoyo, Unguja iko ng'ambo hapo.

Kilichoniacha mdomo wazi lakini ni vichaka vya ukingoni, vijani vyembamba kama sindano. Nikasema hivi mbona nnavijua! Viko Ngezi, msitu wetu wa kaskazini ya Pemba, penye mchanga, njia ya ufuo wa Vumawimbi. Si mmea ule ule, ni jamaa zake, wataalamu wanaita erika, ukoo ambao huku kwetu Afrika Mashariki makazi yake hasa ni milimani, na Ngezi iko karibu na usawa wa bahari jamani. Watalii wakija wanaulizia popo tu, na wanaowatembeza wanavipita vile vichaka kama magugu. Mgeni wangu yeyote akija Konde, popo watangoja.