Wachukuzi wa ndani ya seli

Wanafunzi wangu wa kidato cha sita hapa Mbeya hudhani kwamba vitu ndani ya seli huelea tu hadi vifike vinakotakiwa. Kwa seli ndogo dhana hiyo si mbaya sana, lakini seli ya neva inayoanzia kwenye uti wa mgongo na kuishia kwenye wayo ina mkia wa takriban mita 1, na kwa umbali huo kuelea kungechukua miaka na miaka.

Wachukuzi wenyewe ni protini. Kinesini, iliyotambuliwa mwaka 1985 katika neva nene za ngisi, ina sehemu mbili zifanyazo kazi ya miguu: moja hushika mrija mwembamba uitwao mikrotubyuli huku nyingine ikitupwa mbele, na kwa kila hatua mzigo husogea nanomita 8 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) kwa gharama ya molekuli 1 ya ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli. Mzigo huo huweza kuwa mitokondria nzima, yaani kijisehemu cha seli kinachozalisha nishati, ambayo ni kubwa kuliko mchukuzi wake mara nyingi.

Safari ya kurudi, kutoka ncha ya mkia, ni ya dainini, protini nyingine ya uchukuzi, ambayo hurejesha vilivyochakaa, kama malori ya barabara ya Tunduma yasivyopenda kurudi matupu. Kwa bahati mbaya, virusi vya kichaa cha mbwa hudandia njia hiyohiyo kutoka kwenye jeraha hadi ubongoni, na kwa kuwa safari huchukua muda, chanjo inayotolewa mapema baada ya kuumwa huweza kuwahi.