Matone ya kila usiku: ninavyoishi na presha ya macho

Niligundulika na presha ya macho, yaani glakoma, Mbeya mjini, nilikokwenda kutafuta miwani ya kusomea. Macho hayakuuma, na ubao wa herufi niliusoma hadi mstari wa chini. Daktari akaniuliza kama kwetu kuna aliyepofuka. Nikamtaja baba. Kule Rungwe wote walisema ni mtoto wa jicho.

Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi. Ukipasuliwa unaona tena. Glakoma inaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na kilichokufa hakirudi. Huanzia pembeni, polepole, na jicho moja humfichia mwenzake. Presha ya kawaida ni kati ya 10 na 21. Yangu ilizidi 30. Wapo pia wanaoharibikiwa mshipa presha ikiwa ya kawaida, ndiyo maana daktari alinitanua mboni kwa dawa akautazama mshipa wenyewe.

Nilipewa matone ya latanoprosti, tone moja kila jicho, kila usiku. Ugumu wake ni huu: ukitia husikii nafuu, ukiacha husikii maumivu. Kwa hiyo nimeyaunganisha na taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Ikianza tu, navuta kope la chini, nadondosha, nafumba jicho na kubana kona ya karibu na pua dakika moja au mbili ili dawa isishukie kooni. Chupa ikifunguliwa naiandika tarehe, maana wiki nne zikipita haifai tena. Nyingine nainunua mapema. Huku Tukuyu siwezi kutegemea kuikuta kila duka la dawa.

Walioninyima usingizi ni ndugu zangu, kwa sababu ugonjwa huu hufuata damu. Mdogo wangu, mkulima wa chai, alinijibu, "Dada, mimi nauona Mlima Rungwe vizuri kabisa, nikapimwe nini?"

Nikamwambia, "Hata baba aliuona mlima. Alikuwa anajikwaa kwenye mitaro."

Akaenda, akakutwa nayo. Ana pumu, na nilimsihi aitaje kabla hajaandikiwa chochote, kwa kuwa timololi, tone linalotumika sana, linaweza kumbana mwenye pumu kifua vibaya. Akapewa dawa nyingine. Bado dada yetu wa Makambako. Nauli yake nimeshaituma.