Kwaresima, hedifoni na Cowboy Bebop

Nianze kwa kuwaudhi wenzangu: "Tank!", wimbo wa kufungulia katuni ya Kijapani Cowboy Bebop, nimeuchoka. Wimbo wenyewe hauna kosa. Tarumbeta zinakushtua, besi linaanza kutembea na bongo ziko nyuma yake, bendi nzima inaingia, na mwishoni saksofoni ya Masato Honda inagoma kunyamaza wakati wengine wote wameshamaliza kazi. Ni wimbo mkubwa. Ila kila anayeijua Cowboy Bebop anaujua huo, anautia kwenye simu iwe mlio wa kumwamshia asubuhi, basi, muziki wa Yoko Kanno, mama aliyeitungia katuni hiyo nyimbo zake, kwake umeishia hapo. Albamu ya kwanza ina nyimbo 17. "Tank!" ndio unafungua mlango tu.

Kwaresima hii harusi ni chache, na riziki yangu mimi iko kwenye harusi. Naediti video: harusi, sendofu, kicheni pati, kipaimara kikitokea. Msimu ukichangamka silali. Kwaresima ikiingia kompyuta inapumua, na mimi napumua. Basi nikajipangia kuzisikiliza albamu hizi moja baada ya nyingine, kuanzia ile ya kwanza ya 1998, ikifuata Vitaminless, kisha No Disc, hadi Blue ya 1999. Kwa mpangilio waliouweka wenyewe, bila kuruka wimbo na bila kuifungua katuni. Hilo la mwisho ndilo gumu. Wimbo ukianza, mkono unawasha kutafuta kipande ulikopigwa.

Kwa ambaye hajaiona: ni anime ya vipindi 26 ya studio ya Sunrise, ilianza kurushwa Japani mwaka 1998, mwongozaji ni Shinichirō Watanabe. Tuko mwaka 2071. Dunia haikaliki vizuri tena, baada ya lango la kusafiria angani kulipuka, na watu wametapakaa kwenye Mirihi, Zuhura na miezi ya Mshtarii. Spike, Jet, Faye, mtoto mmoja mtundu wa kompyuta anayeitwa Ed, na mbwa Ein, wanaishi kwenye chombo chakavu wakiwinda wahalifu ili walipwe. Hela hawana. Kipindi cha kwanza Jet anapika nyama na pilipili hoho, Spike anaangalia sahani, anauliza nyama iko wapi. Hapo ndipo katuni hii iliponinasa, kabla hata ya kusikia muziki.

Inasimuliwa pia kwamba wenye fedha mwanzoni walitaka kuuza vyombo vya anga vya kuchezea. Watanabe akaambiwa: mradi kuna vyombo vya anga ndani, mengine fanya utakavyo. Akafanya alivyotaka kweli kweli, hadi watu wa vitu vya kuchezea wakajitoa, na mradi ukaokolewa na kampuni nyingine ya kundi lilelile. Naipenda sana habari hii. Nawajua wateja wa namna hiyo.

Lakini kilichonifanya nikae niandike ni jinsi muziki wenyewe ulivyopatikana. Watanabe ameeleza kwamba Kanno hakuwa anasubiri kuagizwa. Alikuwa anakuja na nyimbo ambazo hakuna aliyeziomba. Watanabe akizisikiliza anapata wazo la tukio ambalo halikuwepo kwenye mipango, tukio likimfikia Kanno linazaa wimbo mwingine, wimbo unazaa tukio. Kwa maneno mengine, kuna mahali humo ndani picha ndiyo iliyoufuata muziki.

Sasa mtu wa kazi yangu akisikia hivyo anakaa kitako. Kwangu muziki ndio unaokuja mwisho kabisa. Picha zimeshapangwa, keki imeshalishwa, shampeni imeshafunguliwa, ndipo natafuta wimbo wa kufunika kelele za jenereta. Ukizidi naukata, ukipungua naurudia, na bibi harusi hajui. Muziki wa namna hiyo ukiutoa kwenye picha unabaki na vipande visivyo na kichwa wala miguu. Katuni nyingi zina albamu za hivyo: dakika moja ya huzuni, dakika moja ya hatari, dakika moja ya huzuni tena. Unasikiliza na kujiona umekaa jikoni wakati sebuleni watu wanaangalia.

Hizi za Kanno haziko hivyo. Chukua "Spokey Dokey". Harmonika na gitaa, basi. Harmonika inavuta noti, inaipinda, inaiacha. Gitaa halina haraka ya kumjibu. Mpigaji anavuta pumzi na unasikia anavuta. Wimbo una mwanzo wake na mwisho wake na hauna habari na mtu yeyote anayerukia dirishani akiwa na bastola. Au "Waltz for Zizi", magitaa yanayokwenda moja-mbili-tatu taratibu. Niliurudia usiku mmoja hadi jirani akagonga ukuta, nadhani si kwa sababu ya sauti, ni kwa sababu ya kurudia.

Seatbelts, bendi aliyoiunda Kanno kwa kazi hii, ilirekodi Tokyo, New York na Paris, na inasikika. Humo kuna jazi ya bendi kubwa, kuna bluzi, kuna ska ya "Bad Dog No Biscuits" inayokimbizana na mbwa, kuna kwaya, na kwenye No Disc kuna hata metali nzito, "LIVE in Baghdad", ambayo nadhani waliipiga wakicheka. Niliapa kutoruka, nikavumilia. Ile rimiksi ya kufungia No Disc pia nilivumilia, lakini hiyo sikuona anayecheka.

Katikati ya wiki alikuja mama mmoja ofisini kukagua sendofu ya binti yake. "Tank!" ilikuwa ikilia kwenye spika, nilikuwa naijaribu waya mpya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hawa matarumbeta wa wapi?"

"Wa Japani, mama."

"Usinitanie."

"Kweli kabisa."

Akasimama pale mlangoni na pochi yake, akasikiliza hadi mwisho, mguu mmoja ukipiga sakafu. Halafu akasema, "Wetu walikuja wanne, mmoja amelewa. Hawa ni wengi. Gharama yao itakuwa si mchezo." Akakaa, tukaangalia sendofu.

Sijaacha kulifikiria hilo. Sisi mjini tarumbeta tunaijua vizuri. Tunaijua ikiwa juu ya pikapu, nyuma ya gari la maharusi, pale Mwenge kwenye foleni, ngoma kubwa ikigonga na vijana wamevimba mashavu. Mama wa watu hakuhitaji kuambiwa huu ni mtindo gani wala bebop ilitoka wapi. Alihesabu wapigaji, akapiga hesabu ya malipo. Nimesoma makala ndefu za wachambuzi zisizomkaribia.

Sasa "Space Lion". Hapa nitakaa kidogo, na ambaye hajafika kipindi cha 13 aruke aya mbili.

Vipindi vingi vinafungwa na "The Real Folk Blues", sauti ya Mai Yamane yenye mikwaruzo. Cha 13 hakifungwi nao. Kuna Gren, aliyekuwa askari vitani kwenye Titan, mwezi wa Zohali, sasa anapiga saksofoni kwenye baa ya mji wa baridi huko Callisto, mwezi wa Mshtarii. Rafiki aliyempenda vitani ndiye aliyemsaliti. Anajeruhiwa, anajua hatapona, na anachoomba ni kusogezwa njia ya Titan tu. Spike anakivuta chombo cha Gren, anakiachia kielee. Hapo ndipo "Space Lion" inapoingia, na inaendelea hadi majina ya watengenezaji yanapita.

Kwenye katuni, kwa miaka, mimi nilikuwa nasikia saksofoni tu, kwa sababu Gren ni mtu wa saksofoni na macho yanayapeleka masikio kwake. Kwenye hedifoni, bila picha, wimbo huu wa dakika 7 na ushee una safari nyingine kabisa. Saksofoni inasema yake mwanzoni, peke yake karibu, juu ya sauti za kinanda zinazodondoka moja moja. Kisha ngoma zinaanza kwa mbali. Kisha sauti za watu. Zinaongezeka, zinaitikiana, na saksofoni inazidi kuwa mmoja miongoni mwa wengi. Unapofika dakika za mwisho hakuna tena mpigaji mmoja mpweke, kuna umati unaoimba. Nimezoea kuziona picha zile kama picha za mtu anayekufa peke yake angani. Muziki haukubaliani na picha. Muziki unasema amesindikizwa. Na sisi tunajua kusindikiza mtu ni nini. Hakuna anayekwenda makaburini na gari moja.

Sijui kama ningelisikia hilo macho yangu yakiwa kwenye Spike.

"Green Bird", kwenye No Disc, haifiki hata dakika 2. Ndio unaopigwa kwenye kipindi cha 5 Spike anapotupwa nje ya dirisha la kanisa, vioo vinamwagika, na yeye anaanguka pole pole. Kwaya inaimba kwa lugha ambayo ukiitafuta hutaipata, imetungwa tu. Kwenye jina la mwimbaji pameandikwa Gabriela Robin, kama ilivyoandikwa kwenye nyimbo nyingine nyingi za Kanno, na kwa miaka mashabiki walikuwa wakiulizana bibi huyu ni nani, mbona haonekani kwenye picha. Kwenye tamasha la mwaka 2009 ikawa wazi kwamba ni Kanno mwenyewe. Alikuwa anaandika, anapanga vyombo, anapiga piano, na akiona panahitaji sauti anaingia kuimba kwa jina la mtu mwingine.

Kuna watu wanalalamika kwamba hawawezi kufuata nyimbo zisizo na maneno yanayoeleweka. Wanaolalamika hivyo si wenzetu. Sisi tumelelewa na Kilingala. Mjomba wangu anaimba nyimbo za Franco kuanzia mwanzo hadi mwisho, na macho anayafumba, na ukimuuliza maana anasema usimharibie.

Kwenye No Disc hiyohiyo kuna Pierre Bensusan, Mfaransa mzaliwa wa Oran, Algeria, na gitaa lake kwenye "ELM". Anaimba bila maneno juu ya nyuzi. Sitaieleza zaidi. Zima taa, weka.

Blue nilikuwa naiogopa, kwa sababu wimbo wenye jina hilo ndio wa mwisho wa kipindi cha mwisho na wanaojua unachofungamana nacho wananielewa. Unaanza na sauti nyembamba ya mtoto, halafu Mai Yamane anaingia na uzito wake. Bila picha ni wimbo wa kanisani uliochanganyika na roki, na sikulia, kama mlitaka kujua. Ila "Adieu", wa Emily Bindiger, ambao zamani niliupita bila kugeuka, ulinikamata. Ni piano na mwanamke anayeaga, na hana hasira na mtu.

Nilitaka pia kujua huyu mama katoka wapi. Ni mzaliwa wa mkoa wa Miyagi, alianza na kutunga muziki wa michezo ya kompyuta ya kampuni ya Koei. Baada ya tetemeko na tsunami ya 2011 kuupiga mkoa wake, ndiye aliyetunga "Hana wa Saku", wimbo wa NHK, shirika la utangazaji la Japani, wa kuwachangia waathirika. Mwaka 2019 akatunga wimbo wa sherehe ya kutawazwa kwa Mfalme Naruhito. Mtu huyohuyo wa "Bad Dog No Biscuits"! Huku kwetu angeshaambiwa achague moja.

Jana usiku nikajaribu kitu. Nilikuwa na mabaki ya harusi moja ya mwaka jana, yale mapande yasiyotumika. Nikauweka "Waltz for Zizi" kwanza kwenye kompyuta, mzima, sikuugusa, halafu nikaanza kutafuta picha zinazoutaka. Haukutaka keki. Haukutaka MC. Ulitaka mtoto aliyelala juu ya viti viwili vilivyounganishwa, viatu vimeanguka chini. Ulitaka wapishi nyuma ya ukumbi wakisugua masufuria, mmoja ameshika kiuno. Ulitaka bwana harusi akiangalia saa. Picha ambazo katika kazi zangu zote huwa nazitupa bila kufikiri zilijipanga zenyewe, na wimbo ulipoisha zikaishia palepale.

Kuipeleka kokote haiwezekani, muziki una wenyewe na wataudai. Na hata ungekuwa wangu, kamati ya harusi isingepokea: dakika zote hizo, na mjomba wa bwana harusi haonekani hata sekunde moja, na yeye ndiye aliyelipia ukumbi.