Askari wa milimita 28: nilivyojifunza kupaka rangi visanamu vya vita vya mezani

Kisanamu chenye urefu wa milimita 28 hakina kivuli chake. Siku nilipolielewa hilo ndipo mkono wangu ulipoanza kubadilika, na karibu kila mbinu ninayotumia leo imetokana nalo. Mtu akisimama juani saa sita mchana, macho yake huingia gizani chini ya paji la uso, kidevu hutia kivuli shingoni, na mikunjo ya shati huonekana toka mbali. Mpunguze mtu huyo awe mdogo kuliko kidole gumba, umweke chini ya taa: mwanga unamzunguka pande zote na vivuli vinatoweka. Hata ukimpaka kaki safi isiyo na doa, mezani utaona kipande cha kaki na basi. Kazi ya mpakaji ni kuchora mwanga na giza ambavyo taa imekataa kuvitoa.

Nimezaliwa Tanga, naishi Nottingham, Uingereza. Kwa mtu wa michezo hii, Nottingham ni bahati. Games Workshop, watengenezaji wa Warhammer, wana makao yao makuu hapa, na klabu za wachezaji hazikosekani. Kwa asiyeijua michezo yenyewe: watu wawili wanapanga majeshi ya visanamu juu ya meza yenye vilima na vichaka vya bandia, wanapima mwendo kwa futikamba, wanarusha dadu kuamua nani kapigwa na nani kapona. Kila mtu hujipakia rangi jeshi lake. Wengi huanza na Space Marines wa Warhammer 40,000, na ninawaelewa: deraya kubwa laini, kofia inayofunika uso mzima, hakuna ngozi ya kukusumbua.

Mimi nilitaka Tanga ya Novemba 1914. Jeshi la Waingereza lililotoka India chini ya Jenerali Aitken lilishuka pwani yetu likiwa na watu wengi kuliko waliokuwa wakiulinda mji, likakutana na jeshi la Wajerumani la Paul von Lettow-Vorbeck, ambalo sehemu yake kubwa walikuwa askari Waafrika. Waliotoka baharini wakarudishwa baharini, na nyuki wenye hasira wakaongeza ya kwao. Nilikua nikisikia habari za nyuki wale kabla sijajua Lettow-Vorbeck ni nani. Zipo kampuni ndogo zinazotengeneza askari wa vita hivyo kwa madini mchanganyiko yenye bati, na hao ndio nilioanza nao.

Madini yana adabu yake. Kila kisanamu kinatoka na mstari mwembamba mahali ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana, na usipouondoa kwa tupa ndogo au kisu, rangi itautangaza badala ya kuuficha. Baada ya hapo nawaosha kwa sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu, maana madini hutoka kalibuni na unga au mafuta yanayokataa rangi. Kisha supagluu, kitako cha duara, na praima, ile rangi ya kwanza inayozifanya nyingine zishike.

Praima ndipo mahali mwanga unapoanzia. Napuliza nyeusi mwili mzima, ikikauka napuliza nyeupe kidogo kutoka juu tu, kwa pembe ya jua la saa nne. Kopo liwe umbali wa sentimita 20 hadi 30, mkono usitulie mahali pamoja. Ghafla kisanamu kinakuonyesha kila kitu: kofia na mabega vyeupe, kwapani na chini ya mkoba giza. Kabla sijagusa brashi nakipiga picha kwa simu, na picha hiyo ndiyo ramani yangu hadi mwisho wa kazi. Kopo la kupuliza linataka hewa kavu, lakini. Nottingham wakati wa baridi ni unyevu mtupu, na Tanga wakati wa masika si afadhali. Rangi hukauka na ukungu wa chengachenga juu yake. Siku kama hizo natumia praima ya kupaka kwa brashi, halafu napitisha kijivu kwa brashi kavu, iliyofutwa rangi karibu yote, kutoka juu kwenda chini. Matokeo yanakaribiana.

Sasa maji. Rangi ya akriliki ikitoka kichupani ni nzito, na ikipakwa hivyo hivyo inaziba mikunjo ya nguo na vidole ambavyo mchongaji alihangaika navyo. Iwe kama maziwa freshi, si mtindi. Safu ya kwanza itaonekana hafifu, utaona praima kwa chini, na hapo ndipo wanaoanza huingiwa na wasiwasi wakaongeza rangi. Usiongeze. Iache ikauke kabisa, upake safu ya pili. Kilichonisaidia kuliko darasa lolote ni paleti ya unyevu, ambayo sikuinunua: chombo cha plastiki cha chakula, tishu za jikoni zilizoloweshwa, na juu yake karatasi ya kuokea keki. Rangi inakaa juu ya karatasi, maji yanapenya polepole kutoka chini, na mchanganyiko wa jioni unaukuta bado mbichi kesho yake ukifunika chombo vizuri. Kwa ngozi, ambako mchanganyiko mmoja unauhitaji tena na tena, chombo hiki hakina mbadala.

Kuhusu brashi nitakuwa mfupi. Dukani utavutwa na ile nyembamba kuliko zote. Iache. Haina tumbo la kubebea rangi, inakauka kabla haijafika usoni pa kisanamu. Namba 1 au 2 yenye ncha kali inachora mstari mwembamba vilevile na inadumu na unyevu. Nina moja ya manyoya ya mnyama aitwaye kolinski, Series 7 ya Winsor & Newton; ni ghali, naiosha kwa sabuni na siiruhusu rangi ipande hadi kwenye chuma. Kwa brashi kavu hazitakiwi za maana: zile za duara za kupakia poda usoni, za duka la vipodozi, zinafanya kazi nzuri kushinda nyingi zenye lebo ya visanamu.

Kisanamu nakibandika juu ya kichupa kitupu cha dawa ili nisikishike mwilini. Viwiko mezani, na viganja vigusane kwenye kifundo. Mikono miwili ikitetemeka pamoja, brashi na kisanamu vinatetemeka pamoja, na mstari unanyooka.

Kaki ya askari wa Kijerumani ndiyo iliyonifunza mpangilio. Naanza na Zandri Dust, rangi ya kaki ya Citadel, chapa ya rangi ya Games Workshop, mwili mzima. Aliye na akriliki za kawaida za wasanii atafika palepale kwa njano ya udongo, kahawia na nyeupe kidogo. Ikikauka, napaka Agrax Earthshade, rangi ya majimaji ya kahawia ambayo inatiririka na kujikusanya kwenye mikunjo. Hapa watu wengi huiacha ikauke yenyewe. Mimi nakaa nayo, nafyonza kwa brashi safi kila dimbwi linalojikusanya mahali pasipohitaji kivuli, la sivyo unapata madoa yenye ukingo wa kahawia mgongoni. Kisha narudi na Zandri Dust ileile, lakini sasa pale tu mwanga unapofika, kwa mujibu wa ile picha ya simu: mabega, magoti, juu ya mkono, juu ya tarbushi. Mwisho natia Ushabti Bone, rangi ya mfupa, kwenye mchanganyiko na kugusa kingo za juu kabisa. Askari hawa walivaa tarbushi yenye kifuniko cha kaki, kitambaa kikining'inia shingoni na tai wa kifalme mbele. Tai huyo ni tone moja la rangi ya fedha, usijisumbue na mabawa.

Kwenye ngozi ndiko nilikokaa muda mrefu, na sijuti. Mafunzo mengi niliyoyakuta yalihusu ngozi ya waridi: weka rangi ya msingi, tia kivuli, halafu ongeza nyeupe hatua kwa hatua. Nikaifuata kanuni hiyo kwa kahawia. Nikampelekea shangazi picha kwa WhatsApp, maana ndiye aliyenisimulia habari za nyuki nikiwa mdogo.

"Shikamoo shangazi. Wanajeshi wa Tanga hao."

"Marahaba mwanangu. Wazuri. Ila mbona wamepauka hivi? Huko kwenu hakuna mafuta ya nazi?"

Hakuna mwalimu wa klabu aliyewahi kulisema jambo hilo kwa usahihi namna ile. Nyeupe ikichanganywa na kahawia inazaa kijivu, na ngozi nyeusi yenye kijivu kwenye mashavu ni ngozi iliyopauka, ya mtu aliyetoka kuoga maji ya chumvi. Nikaanza kutazama watu. Ndani ya basi, kazini, kwenye picha za familia. Ngozi yetu mwanga ukiigonga haiwi nyeupe. Inachukua joto, inaelekea kwenye nyekundu, kahawa, hata dhahabu, na panapong'aa pana mng'ao mdogo wenye makali, hasa kwenye paji la uso na ncha ya pua.

Kwa hiyo nyeupe nikaifungia droo. Msingi ni Rhinox Hide, kahawia nzito sana. Mwanga wa kwanza naongeza kahawia nyekundu, wa pili naongeza rangi ya chungwa iliyofifia au njano ya udongo. Naipeleka kwenye paji la uso, mifupa ya mashavu, mgongo wa pua, mdomo wa chini, kidevu, masikio na vifundo vya vidole. Midomo napitisha zambarau iliyochanganywa na ile kahawia, nyepesi mno, ionekane kwa shida. Viganja vinakuwa na rangi nyepesi kuliko nje ya mkono, jambo dogo ambalo Mswahili yeyote ataliona likikosekana. Mwisho kabisa, tone dogo la rangi ya mchanga kwenye paji na pua. Hayo ndiyo mafuta ya nazi ya shangazi.

Askari wale hawakuwa wa rangi moja pia. Ofisa wa Kijerumani Hermann von Wissmann aliunda jeshi la kwanza mwaka 1889 kwa Wasudani walioandikishwa Misri na watu kutoka Msumbiji; kufika 1914 Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema walikuwa wengi safuni. Kwa hiyo nabadilisha msingi kidogo kutoka mtu hadi mtu: huyu ana nyekundu zaidi, yule karibu na nyeusi kabisa. Kikosi kinapata uhai kwa hilo tu, kabla hata hujagusa macho.

Macho yenyewe, kwa wengi wao, siyapaki. Naacha ufa wa giza chini ya paji, kwa sababu juani ukimtazama mtu toka ng'ambo ya barabara huoni weupe wa macho yake. Ofisa na mpiga tarumbeta ndio wanaopata macho, na hapo natumia rangi ya krimu iliyochafuliwa. Nyeupe safi inawafanya waonekane wameona jini.

Kitu kingine kilichoniharakisha ni kuwapaka kwa makundi ya watano au sita, rangi moja kwa wote kabla ya kuhamia nyingine. Ukifika kwa wa mwisho, wa kwanza amekauka, na mkono umeshaizoea kona ile ya mkoba. Kila kundi likikamilika naliweka mezani na kulitazama kwa umbali wa mkono, kwa sababu ndipo mchezaji anapolitazamia. Mengi yanayokukera ukiwa umekisogeza kisanamu puani hayaonekani kabisa toka hapo, na mengine uliyoyaona ni makali mno yanakuwa ndiyo kwanza yanatosha. Nikiwa na shaka naigeuza picha kwenye simu iwe nyeusi na nyeupe. Kama uso, nguo na mkanda vimegeuka kijivu kimoja, vivuli havijatosha, narudi kuongeza giza.

Vitako nilivifurahia kuliko nilivyotegemea. Mchanga na gundi nyeupe ya mbao, kahawia nyekundu, brashi kavu ya rangi ya mchanga. Nyasi ndefu nazikata kutoka kamba ya katani, nazisimamisha kwa gundi na kuzipaka kijani kilichochoka. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893, kwa hiyo hata kihistoria hakuna wa kunilaumu.

Sasa hivi mezani nina Rajputs, wanajeshi wa Kihindi wa upande wa Waingereza, wenye vilemba vya kaki, na vilemba ni mikunjo mitupu: raha kwa Agrax, adhabu kwa mgongo. Baada yao nakuja kwa nyuki. Tunahitaji alama mbili tatu za kuonyesha kundi la nyuki lilipo, na nimejaribu waya mwembamba wenye vidoa vya gundi vilivyochovywa kwenye pilipili manga ya kusaga. Zile punje zinashika rangi, na kwa umbali wa mkono zinaonekana zinaruka. Tatizo ni harufu, maana kila nikiinama kuzipaka napiga chafya na nyuki wanahama kitako.