Haragwe Langu Limekufa

Mwaka wangu wa pili kufundisha darasa la tatu, nilimwita binti mmoja mbele anisomee alichokinakili ubaoni. Daftari lake lilikuwa safi, herufi zimekaa juu ya mstari kama zimepangwa na fundi, kichwa cha somo kimepigiwa mstari kwa rula. Chini yake: "Mizizi hufyonza maji na madini kutoka ardhini." Akalitazama daftari, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, hapo nimeandika tu. Sijasoma."

Hakuwa anatania. Niliwajaribu na wengine siku hiyo hiyo, nikagundua nusu ya darasa langu ni wachoraji. Wanachora maneno yangu, nami naweka vema.

Shule yetu iko juu ya Uyole, Mbeya, upande wa barabara ya Tukuyu, mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, nchi ya viazi na ukungu. Mwezi wa saba watoto wanakuja na masweta mawili na bado vidole wanavificha ndani ya mikono. Mwaka jana nilikuwa nao 74. Nyumbani wengi wanaongea Kisafwa au Kinyakyusa, Kiswahili cha kuchezea na cha kugombania mpira wanacho cha kutosha, ila Kiswahili cha kitabu wanakutana nacho kitabuni tu. Tangu 2015, la kwanza na la pili kazi kubwa ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Wakiingia la tatu, sayansi inaanza, na kitabu kinaongea nao kana kwamba kujifunza kusoma kumeshakwisha.

Nikaanza kukitazama kile kitabu kwa jicho la mtoto. Kilichonishtua si maneno magumu. Ni kale ka-"hu". Mizizi hufyonza. Majani hutengeneza. Mbegu huota. Nani anaongea hivyo nyumbani? Mama hasemi "kuku hutaga", anasema "kuku ametaga, kaangalie". "Hu" haina mtu wala siku, ni sauti ya mtu aliyekwisha kuona mambo mengi mpaka akachoka kuyahesabu. Mtoto wa miaka tisa hajaona hata moja, tunamkabidhi "hu" anakili.

Ndipo nikaamua kwamba kwenye darasa langu "hu" haitolewi bure.

Julai, tulipofungua shule, nikanunua pamba duka la dawa, watoto wakaleta chupa za maji, tukazikata shingo. Vikundi 10, kila kikundi chupa moja, pamba yenye unyevu ndani, na punje tatu za maharage zikibanwa kati ya pamba na ukuta wa chupa ili zionekane kwa nje. Chupa tano dirishani. Tano kwenye banda la uji, juu ya rafu nyuma ya jiko. Kabla ya kuziweka, kila kikundi kiliandika sentensi moja ya "ta": zipi zitaota kwanza, na kwa nini. Vikundi saba vikaandika za dirishani, "kwa sababu zitapata jua". Mimi nikanyamaza, kazi ambayo kwa mwalimu ni ngumu kuliko kuongea.

Kutwa walikuwa wanapita pale kuchungulia. Siku ya nne, za jikoni zilikuwa zimetoa mzizi. Za dirishani, kimya. Siku ya sita kijana mmoja wa kikundi cha dirishani, ambaye kwa kawaida anaandika mstari mmoja kisha anaomba kwenda chooni, aliniletea daftari mwenyewe. Ameandika: "Haragwe langu limekufa."

Nikamuuliza, "Umejuaje?"

"Halijaota."

Nikamwambia aseme tena. "Halijaota, mwalimu. Za jikoni zimeota."

Mimi nimesema "halijaota" maisha yangu yote na sikuwahi kulisikia neno hilo. "Ja" hiyo imeacha mlango wazi. Hajala, hajafika, halijaota: bado, na huenda. "Limekufa" imeufunga na kupiga kufuli. Alichokiona yule kijana kilikuwa "halijaota". "Limekufa" aliiongeza mwenyewe njiani kutoka dirishani hadi kwenye meza yangu.

Nikagawa ubao sehemu mbili kwa chaki. Upande mmoja, "Nilichokiona". Upande wa pili, "Ninachodhani". Kipindi ni dakika 40, na zote zikaishia hapo, watoto wanasimama kuhamisha sentensi za wenzao kutoka upande huu kwenda ule. "Panya wameyaogopa." Peleka kule. "Ganda limelainika." Lete huku. "Yana baridi." Hapo pakawa na ugomvi wa kweli, mpaka kiranja akaenda kuigusa chupa. Kurudi anasema, "Chupa ina baridi. Haragwe sijalishika." Nikamwandikia hivyo hivyo ubaoni.

Siku ya kumi na moja za dirishani zikaamka. Kijana wangu akaandika: "Haragwe langu halijafa. Limetoa mzizi mweupe kama jino." Akaisoma mbele ya darasa bila kukwama, na nitasema wazi, siri mojawapo ni hiyo: aliyaandika mwenyewe, kwa hiyo alijua neno linalofuata ni lipi. Mtoto anayekwama kwenye kitabu hakwami kwenye jambo lake. Tangu hapo, kabla hawajafungua kitabu cha sayansi, wanasoma kwanza madaftari ya wenzao. Kitabu kinakuja baadaye, kama mgeni anayewakuta wenyeji wakiongea habari wanayoijua.

Kuhusu makosa ya herufi: siku ya kutazama sishiki kalamu nyekundu. Aliyeandika "mzzi" ataurekebisha kesho yake, wakati wa kunakili upya kwa ajili ya ukutani. Lakini upatanisho wa sarufi siusamehi hata siku hiyo, na nina sababu. Mtaani kila mtu anasema "maharage imeota". Sawa, na mimi nikiwa sokoni nasema. Ila kwenye chupa kuna punje tatu. "Limeota" ni moja, "yameota" ni zaidi ya moja. Ukiniandikia "imeota" umenificha hesabu. Hapo ndipo watoto wangu walipoona kwamba "li" na "ya" si vijiti vya mwalimu vya kuchapia, vinabeba habari.

Mwalimu mwenzangu mmoja ananitania kwamba naiba vipindi vya Kiswahili kulishia sayansi. Namjibu siku hizi sijui nani anamwibia nani. Neno kama "ghalambegu", kwa mfano, lilikuwa linakaririwa kama jina la mji wa mbali. Safari hii nilisubiri mche uinuke. Haragwe halitoki ardhini kwa kichwa kama muhindi. Linatoka limepinda mgongo, likivuta nyuma yake yale mapande mawili manene (kikundi kimoja kiliandika "limeinama kama linatoa shikamoo", nami sikuligusa neno). Ndipo nikaandika ghalambegu na kuuliza ndani yake mna maneno gani. Ghala. Mbegu. Ghala la nini? La chakula, kama kihenge cha babu. Wiki moja baadaye yale mapande yalipoanza kunyauka, binti mmoja akatangaza darasa zima, "Mwalimu, ghala linaisha!" Usanisinuru nao tuliupasua vivyo hivyo, usanisi na nuru, na kwa wakati mzuri, kwa sababu miche ya jikoni, ile iliyotangulia kwa mbwembwe, ilikuwa imerefuka, imepauka, haina nguvu ya kusimama, wakati ya dirishani ilikuwa mifupi na kijani. Vikundi saba vya "zitapata jua" vikadai heshima yao. Nikawapa nusu: kuota kulitaka joto, haragwe halihitaji mwanga ili liote. Kuishi ndiko kulikotaka jua.

Baada ya hapo vikundi vyote 10 vilikaa na kukubaliana kwamba sasa tunaruhusiwa kutumia "hu". Ikaandikwa kwenye karatasi ya manila: "Maharage huota mapema penye joto." Maneno matano, wiki mbili na nusu.

Wakainogewa. Kila kitu kikawa "hu". Mmoja akaleta "Maharage huiva kwa saa tatu." Mwenzake aliyehamia kutoka Kyela akakataa katakata, kwao hayachukui muda wote huo. Wakaenda kuuliza mama zao, wakarudi na karatasi zilizojaa saa, kuni na magadi. Na hapa nilibidi nieleze mwenyewe: Kyela iko chini, ziwa Nyasa liko mita 475 hivi tu, sisi tuko huku juu ambako hewa haikandamizi sana kama kule. Kila ukipanda mita 300 hivi maji yanachemka kwa joto pungufu kwa karibu nyuzi moja. Kwa hiyo sufuria yetu inatokota vizuri sana, kelele zote zipo, ila ni kwenye nyuzi 93 hivi, na ya Kyela 98. Mtoto wa Kyela alitembea siku nzima kama aliyeshinda kesi.

Nilitaka kumalizia kwa mama mpishi wetu wa uji. Tulipomaliza, watoto walimpelekea daftari la kikundi cha jikoni, kwa kuwa rafu ilikuwa yake. Alifuta mikono kwenye khanga, akakaa kwenye kigoda, akasoma kwa kidole mstari kwa mstari, wenyewe wamemzunguka. Akafika mahali palipoandikwa, "Jiko la uji huwaka kila siku." Kidole kikasimama.

"Hii nani kaandika?"

Wakanyoosheana vidole.

"Alhamisi ile unga uliisha. Mlikunywa uji Alhamisi?"

Kimya.

"Haya. Jiko langu Alhamisi halikuwaka. Kaandikeni upya."

Walirudi darasani mbio kutafuta kifutio.