Siku moja maishani mwangu: ticha wa klabu ya sayansi baada ya masomo

Watu wananiuliza sana, kama watoto wanakuja kwako saa tisa na nusu baada ya masomo, asubuhi yote unafanya nini? Basi ngojeni niwasimulie jana ilivyokwenda.

Saa moja asubuhi niko na betri. Napima moja moja kwa mita, za volti 9 zikishaanza kusoma 7 naziweka pembeni, maana betri dhaifu inamdanganya mtoto, anadhani programu yake ndo mbovu kumbe umeme hautoshi, na mtoto akishajiona hajui mara tatu nne hivi harudi tena. Mimi hilo naliogopa kuliko sensa, yaani kifaa cha kuhisi, kuungua.

Saa tatu naujenga mradi wa siku mwenyewe, kwa vifaa vilevile watakavyotumia wao na waya zilezile zilizochoka. Wadogo wako kwenye Scratch, ile ya chuo cha MIT, Marekani, ya kupanga programu kwa vipande, ipo tangu 2007 na bado sijaona mlango mzuri kuliko huo. Wakubwa wako kwenye Arduino, bodi ndogo ya umeme unayoiandikia programu. Hii bodi ilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa walimu waliotaka kitu rahisi cha wanafunzi wa ubunifu ambao hawakusomea umeme, na ukiishika unaona kabisa ilitengenezwa na watu waliowahi kufundisha. Jana mradi ulikuwa kipima umbali kwa sensa ya ultrasoniki, yaani ya sauti isiyosikika.

Saa sita mzazi mmoja akapiga, anataka kumtoa binti yake klabu, mitihani iko karibu na huku anacheza tu. Sikubishana nae, nikamwambia mzee wangu njoo leo saa kumi na moja, mwenyewe akueleze anachofanya. Akasema atakuja.

Saa tisa na nusu wameingia, wamechoka, siku nzima wamekaa wanasikiliza. Kwa hiyo mimi sianzi na maelezo hata kidogo, vifaa viko mezani, shikeni. Watatu watatu: mmoja kwenye kibodi, mmoja anaunga waya, mmoja anaandika, na kila dakika 15 wanabadilishana, hakuna kuomba ubaki. Zamani niliwaacha wachague wenyewe, ikapita miezi miwili ndo nikaja kuona laptopu zote wameshika wavulana na daftari zote wameshika wasichana, hati nzuri kweli lakini waya hawajagusa. Hiyo bado inaniuma. Ukiwa na klabu yako angalia mikono iko wapi, usiangalie idadi ya waliohudhuria.

Saa kumi na robo kundi moja wakakwama. Wameweka kitabu mbele ya sensa, rula inasema sentimita 31, kioo cha kuonyesha namba kinasema 62. Wakasogeza kitabu hadi 20, kioo kikasema 40. Wamebadilisha waya, wamebadilisha sensa, wapi. Mimi kosa nilishaliona na mdomo ulikuwa unaniwasha jamani, lakini nikaweka mikono nyuma nikauliza tu, hiyo sauti inasafiri vipi? Sensa inatoa mlio wa kilohezi 40, sikio halisikii, unagonga kitu unarudi, bodi inahesabu muda halafu inazidisha na mwendo wa sauti, karibu mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 20. Wakanyamaza. Kama dakika tano zikapita, kwangu ndefu hizo. Yule binti wa simu ya saa sita akainuka, akatembea mpaka ukutani akarudi, anahesabu hatua, akasimama katikati ya chumba: "Ticha, si imeenda NA kurudi!" Wakagawa kwa mbili. 31.

Ningewaambia ningeokoa hizo dakika tano, na ile sauti yake nisingeisikia.

Saa kumi na moja mzee amefika kweli, kasimama mlangoni. Binti kamvuta mpaka mezani, kamweleza mwanzo mwisho, kuanzia sauti, ukuta, mpaka kugawa kwa mbili. Mzee kasikiliza, halafu akauliza swali ambalo hata mimi sikulipanga: na mbele kukiwa na nguo? Akavua koti lake akalishika mbele ya sensa. Namba zikaanza kuruka, mara 28, mara 190, mara sifuri, maana kitu laini kinameza sauti na mwangwi unaorudi ni hafifu mno. Wakawa wawili wameinamia kioo, mzee anasogeza koti, binti anasoma namba, suala la kumtoa hakuna aliyeligusa.

Saa kumi na mbili nahesabu waya, mbili hazipo, nazitafuta chini ya meza.

Saa mbili usiku nimefuta somo nililokuwa nimeliandaa la wiki ijayo. Tutapima taulo, ubao, sponji na karatasi, kimoja kimoja, tuone kipi kinaificha sauti zaidi. Binti kashaandika orodha nyuma ya daftari, na koti la baba yake kaliweka namba moja.